USIACHE MBACHAO: KUUPIMA USHINDANI KATIKA HISA ZETU

Hotuba ya Mweka Hazina wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, iliyosomwa ukumbini siku ya Mkutano wa Mwaka, kabla ya kura juu ya hisa za Mfuko wa Karo



Nimepewa dakika thelathini. Mwalimu wetu wa Hisabati, ambaye wengi hapa tulionja fimbo yake, alikuwa akisema kwamba mtu asiyeweza kueleza jambo kwa dakika thelathini hajalielewa. Nitajitahidi nisimwaibishe.

Mchana huu mtapiga kura juu ya hoja iliyoletwa na wenzetu kadhaa. Hoja yenyewe yasema kwamba hisa zote za Safaricom zilizo katika Mfuko wa Karo ziuzwe mara moja, kwa sababu washindani wamezidi nguvu: huku Starlink ikileta intaneti kutoka angani, huku Airtel Money ikiinyemelea M-Pesa. Walioleta hoja hii si wajinga wala si maadui wa Mfuko. Wanaogopa, na hofu yao ina msingi. Kazi yangu mimi, nikiwa mshika ufunguo wa kasha, ni kuwaeleza jinsi hofu ya namna hii inavyopimwa, ili mkiinua mikono mjue mnaiinua kwa lipi.

Nawakumbusha kwanza kilichomo katika kasha. Mwaka 2008, Serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, chama chetu kiliomba hisa 100,000. Mnakumbuka jinsi nchi nzima ilivyozikimbilia hisa zile. Watu waliuza ng'ombe, wengine wakakopa. Waombaji walikuwa wengi mno kuliko hisa, nasi tukapewa 20,000 tu. Shilingi 400,000 zetu zikarudishwa. Soko lilipofunguliwa tarehe 9 Juni 2008 bei ilipanda ikapita shilingi 7, na tuliokosa tukalia. Kabla mwaka haujatimia bei ikaanguka chini ya shilingi 3, na waliopata wakalia pia. Hapo ndipo marehemu mweka hazina aliyenitangulia, Mungu amrehemu, alipozichukua zile fedha zilizorudishwa akanunua hisa 130,000 nyingine. Kamati ilinung'unika. Mimi nilikuwa mmoja wa walionung'unika.

Kwa hiyo tunazo hisa 150,000. Gawio la kwanza, mwaka 2009, lilikuwa senti 10 kwa hisa. Kwa hesabu ya hisa zetu hiyo ilikuwa shilingi 15,000, hata jezi za timu ya mpira hazikutosha. Gawio la mwaka 2024 lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa, yaani shilingi 180,000, na baada ya kodi ya asilimia 5 tukabaki na 171,000. Fedha hizo zililipa karo ya wavulana wanne kwa mwaka mzima. Wavulana hao wamo humu ukumbini. Sitawataja, nao wasijione wana deni kwa mtu. Nasema tu kwamba tunapozungumza juu ya hisa, tunazungumza juu ya madawati manne.

Sasa nitaungama dhambi yangu mwenyewe, maana mtu hawezi kuwafundisha wenzake kuogelea bila kusema siku aliyozama.

Mimi nami nilinunua hisa zangu mwaka ule wa 2008: hisa 10,000, kwa shilingi 50,000 nilizokopa katika chama chetu cha akiba na mikopo kazini. Mnamo Agosti 2010 vikazuka vile vita vya bei. Kampuni iliyokuwa ikiitwa Zain, ambayo Bharti Airtel ya Bara Hindi ilikuwa imetoka kuinunua, ilishusha gharama ya kupiga simu kutoka shilingi 6 hadi shilingi 3 kwa dakika, na ujumbe mfupi ukawa shilingi 1. Mwezi huo huo msimamizi wa mawasiliano alikuwa amepunguza kwa nusu ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kuipokelea simu: kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Safaricom haikuwa na budi nayo kushusha bei. Wahenga walisema, vita vya panzi furaha ya kunguru. Sisi wapiga simu ndio tuliokuwa kunguru. Lakini mimi nilikuwa kunguru jioni na panzi asubuhi, kwa kuwa nilikuwa mwenye hisa.

Faida ikaanza kupungua. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2010 Safaricom ilipata faida ya kama shilingi bilioni 15. Mwaka ulioishia Machi 2012 ilipata kama bilioni 12.6. Bei ya hisa ikateleza. Kila gazeti nililofungua lilisema kwamba Airtel ina mifuko mirefu, imezoea vita vya namna hii huko kwao, na haitachoka. Mwishoni mwa 2011 nikauza hisa zangu zote kwa shilingi 3 na senti kidogo. Nilikuwa bado nalipa mkopo.

Hilo lingekuwa kosa langu peke yangu lau ningenyamaza. Lakini nilikwenda kwenye kamati nikashauri Mfuko nao uuze. Mzee yule mweka hazina alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Mwanangu, nitajie mtu mmoja unayemjua aliyeitupa laini yake ya Safaricom."

Nikafikiri. Nilijua watu wengi walionunua laini ya Airtel. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Lakini wote tulikuwa tumeongeza laini ya pili. Hakuna aliyeitupa ya kwanza. Hata ile ruhusa ya kuhama na nambari yako, iliyoanza Aprili 2011, watu wachache tu walikuwa wameitumia. Nikasema, "Simjui, Mzee." Akasema, "Basi rudi utakapomjua."

Na kumbe jibu lilikuwa nyumbani kwangu. Mama watoto alikuwa na kibanda cha M-Pesa sokoni tangu 2009. Alikuwa na hisa zake 2,000 alizonunua kwa fedha za mboga, na nilipomwambia auze alicheka akanifungulia daftari la wakala. Kila anayeweka au kutoa fedha huandikwa humo: tarehe, nambari, kiasi. Akaniambia, "Baba, wewe wasoma gazeti. Mimi nasoma hili. Wanapiga simu kwa Airtel, lakini fedha wanazitumia hapa. Mistari haipungui."

Haikupungua. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2013 ilikuwa kama bilioni 17.5, na ile ya mwaka ulioishia Machi 2016 ilifika bilioni 38. Airtel Kenya iliendelea kwa miaka mingi kufanya biashara kwa hasara. Kampuni nyingine, iliyokuwa ikiitwa Yu, ilifunga virago mwaka 2014. Nami hukumbuka kila mwaka gawio linapotangazwa kwamba hisa 10,000 zangu ni za mtu mwingine.

Ndugu zangu, wengine wenu mmeanza kutabasamu mkidhani ninawaelekeza mahali fulani: kwamba mshindani ni kelele tu, na mwenye hisa avumilie. Usiache mbachao kwa msala upitao. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo! Wahenga hao hao walisema pia, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali zote mbili ni za kweli, na mtu mwenye methali moja tu atafilisika siku ambayo ile nyingine ndiyo inayofaa.

Niwape mfano wa pili, ili mizani isipinde. Mnaikumbuka Nokia? Ni nani hapa mwenye umri wa zaidi ya miaka thelathini na mitano ambaye hakuwa na Nokia? Mwaka 2007, kati ya kila simu kumi zilizouzwa duniani, karibu nne zilikuwa za Nokia. Mwezi Januari mwaka huo, Steve Jobs wa Apple alionyesha simu isiyo na vitufe. Mwenye hisa za Nokia angeweza kusema kama yule mzee wetu: nitajie mtu aliyeitupa Nokia yake. Hakuwapo. Simu ya Apple ilikuwa ghali, betri yake haikukaa, na mauzo ya Nokia mwaka ule yalipita yuro bilioni 50. Hesabu zote zilikuwa nzuri.

Lakini Septemba 2013 Nokia ilitangaza kwamba inaiuzia Microsoft biashara yake ya simu, kwa yuro bilioni 5.44. Tena angalieni jambo moja. Hapa kwetu Apple siyo iliyoitoa Nokia mikononi mwa watu. Walioitoa ni wale waliotengeneza simu za bei nafuu zenye programu ya Android. Mwaka 2011 simu ndogo ya Huawei iliyoitwa Ideos iliuzwa hapa Kenya kwa kama shilingi 8,000, na mwanafunzi wa chuo kikuu akaweza kuinunua. Aliyemkodolea macho yule mshindani wa kwanza hakumwona wa pili aliyeingia kwa mlango wa nyuma.

Basi tofauti ya mifano hii miwili ni nini? Airtel mwaka 2010 ilikuwa ikiuza kitu kile kile kwa bei ya chini. Apple na wenzake walikuwa wakileta kitu kingine, ambacho kilikifanya kile cha kwanza kisihitajike. Mshindani wa aina ya kwanza hukuumiza kwa mwaka mmoja au miwili, akachoka au mkazoeana. Mshindani wa aina ya pili haonekani katika hesabu mpaka amekwisha kuingia nyumbani. Safaricom yenyewe ilikuwa mshindani wa aina hiyo. Iliundwa mwaka 1997 ikiwa tawi dogo la Telkom Kenya, na leo ni nani anayepanga foleni kwenye kibanda cha simu? Mtoto alimla mzazi wake.

Kutokana na hayo, mimi hujiuliza maswali manne kila ninaposikia mshindani amekuja. Vijana, haya mnaweza kuyaandika.

La kwanza: kampuni yangu inakula kutoka chungu kipi, na mshindani huyu ametia mkono katika chungu kipi? Watu wengi huona jina "Safaricom" na jina "Starlink", wakaona kampuni mbili za mawasiliano, wakahukumu. Fungueni hesabu zenyewe. Hutolewa kila mwaka na hazifichwi. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, M-Pesa peke yake iliingiza karibu shilingi bilioni 140, yaani kiasi cha mbili kwa tano za mapato yote ya huduma. Intaneti ya waya inayokwenda majumbani na maofisini, ambayo ndiyo Starlink inashindana nayo ana kwa ana, haikufika hata sehemu moja kwa kumi. Kwa hiyo Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023 ilibisha hodi, ndiyo, lakini kwenye chumba cha uani, si sebuleni.

La pili: mshindani anaweza kukifanya anachosema, kwa watu wangapi, na kwa muda gani? Vyombo vya Starlink vilipoanza kuuzwa hapa viligharimu karibu shilingi 89,000. Baadaye bei ilishushwa kwa karibu nusu, na mwaka 2024 watu wakaweza kuvikodi. Wengi wakavikimbilia. Lakini Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kwa muda kuwapokea wateja wapya wa Nairobi na kaunti za jirani, kwa kuwa setilaiti zilizokuwa juu yetu zilikuwa zimejaa. Zilifunguliwa tena Juni 2025. Hilo latufundisha kwamba setilaiti hugawa uwezo wake kwa eneo: watu wakisongamana mahali pamoja, kila mmoja hupata kidogo. Kwa ajili hiyo yafaa zaidi kwa mwenye shamba kule Laikipia kuliko kwa mwenye ghorofa Pipeline. Waya wa faiba wafaa kinyume chake. Hawa wawili wanaweza kuishi pamoja kwa muda mrefu.

La tatu: mteja akitaka kuhama, atapoteza nini? Hapa ndipo nguvu ya M-Pesa ilipo. Kubadilisha intaneti ni kubadilisha sanduku lililo ukutani. Kubadilisha njia ya kutuma fedha ni kumwambia mama aliye kijijini, mwenye duka, mwalimu wa watoto na utingo wa matatu wote wabadilike nawe. Mwaka 2014 mamlaka za ushindani zilipoingilia kati, na Safaricom ikawaruhusu mawakala wake kuwahudumia washindani, tulisema ngome imevunjwa. Mwaka 2015 Equity ikaleta ile kadi nyembamba kama ganda la kitunguu, ya kubandikwa juu ya kadi ya simu uliyo nayo, baada ya mabishano makali juu ya usalama wake. Tukasema tena, ngome imevunjwa. Kadi ile ilipata watu wake, hasa wale waliokuwa tayari wateja wa benki ile. Lakini muuza nyanya hakuhama, kwa sababu aliyemuuzia nyanya hakuhama.

Hata hivyo msidhani vita hivyo havikugharimu kitu. Agosti 2014 Safaricom ilipunguza ada za kutuma fedha kidogo. Mshindani asipomchukua mteja wako, aghalabu huchukua sehemu ya bei yako. Mwenye hisa hulipa vyovyote vile.

La nne: kampuni yangu inajibuje? Ipo kampuni inayomjibu mshindani kwa kazi, na ipo inayomjibu kwa barua. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni peke yao, bali zilazimishwe kushirikiana na kampuni zilizopo. Nasema wazi kwamba barua ile ilinitia wasiwasi kuliko Starlink wenyewe. Anayekimbilia kwa askari kabla ya kukunja mikono ya shati hunifanya niulize kama bado ana misuli. Miezi michache baadaye, Septemba 2024, waliongeza kasi ya intaneti ya majumbani. Hilo lilikuwa jibu la kazi, nami nikatulia kidogo.

Sasa tuitazame Airtel Money, maana hiyo imetia mkono katika chungu kikubwa chenyewe. Hapa sitawapa maneno ya kuwatuliza. Nilirudi kwenye daftari za mama watoto. Kibanda chake kina daftari mbili: moja ya M-Pesa, moja ya Airtel. Daftari ya kwanza ya Airtel ilimchukua karibu mwaka mzima kujaa. Alikuwa akiitumia kuegemeza dirisha. Iliyofunguliwa mapema mwaka 2024 ilijaa kwa miezi mitatu. Ya M-Pesa hujaa kila wiki mbili, kama zamani. Kwa nchi nzima, M-Pesa bado ilikuwa na kama sehemu tisa katika kumi mwaka 2025, lakini miaka michache nyuma ilikuwa karibu na kumi kamili. Hiyo ni tofauti ya kweli, si ya magazeti. Mwizi hajaingia, lakini mbwa amebweka.

Zaidi ya hayo, Mei 2025 Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX wenye Starlink. Washindani wawili tuliokuwa tukiwapima mmoja mmoja wameanza kusalimiana. Ikija siku ambayo setilaiti itazungumza moja kwa moja na simu ya kawaida mfukoni, mahali popote, kwa bei ya mwananchi, basi ile minara yote iliyojengwa kwa mabilioni haitakuwa ngome tena kama ilivyokuwa. Huyo ndiye mshindani wa aina ya pili ninayemtazama.

Kuna jambo moja nataka mlishike hata mkisahau mengine yote. Anguko kubwa kuliko yote tuliyoona katika hisa hizi halikuletwa na mshindani. Mnamo Agosti 2021 bei ilikuwa imepita shilingi 40. Hisa zetu zilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi milioni 6, na katika mkutano wetu wa mwaka ule tulipiga makofi. Kufikia mwishoni mwa 2023 bei ilikuwa chini ya shilingi 15. Ni nani aliyetupiga? Si Airtel, si Starlink. Riba zilipanda Marekani, wawekezaji wa nje wakauza na kurudisha fedha zao huko. Kampuni yenyewe nayo ilikuwa imeingia Ethiopia: leseni peke yake, iliyotolewa mwaka 2021, iligharimu dola milioni 850 kwa kampuni hiyo na washirika wake, na huduma zikaanza Oktoba 2022 zikiwa bado zinakula fedha. Tulikuwa tumekaa mlangoni na rungu tukimngoja mshindani, kumbe paa linavuja.

Nasema haya kwa sababu ndiyo yanayonifikisha kwenye shauri langu. Hoja iliyo mbele yenu inauliza swali moja: mshindani atatuua? Mimi naona tujiulize jingine: mbona karo ya watoto wanne inategemea kampuni moja? Tuna shilingi laki nne na ushei benki. Kila kitu kingine ni Safaricom. Hata kama hapangekuwa na mshindani hata mmoja chini ya jua, hilo lingekuwa kosa. Ni kosa langu, kwa kuwa nimelishika kasha hili miaka kumi na sikulisahihisha. Niliona haya kuuza hisa ambazo mzee yule alizinunua kwa ujasiri, nikaigeuza heshima kuwa uvivu.

Basi nashauri hivi. Tusiuze zote. Kuuza zote leo ni kurudia kosa langu la 2011, yaani kukimbia kelele kabla ya kumhesabu mtu hata mmoja aliyehama. Lakini tusizishike zote pia. Tuuze hisa 60,000, kidogo kidogo katika muda wa mwaka mmoja, na fedha zake tununue hati za dhamana za Serikali ambazo riba yake inajulikana kabla ya shule kufunguliwa. Kwa njia hiyo watoto wawili watakuwa wamelipiwa vyovyote soko litakavyokwenda, na wawili wengine watabaki na bahati ya hisa.

Na kwa hizo 90,000 zitakazobaki, tuandike leo, tukiwa na akili timamu na matumbo matupu, dalili zitakazotufanya tuuze. Mimi napendekeza tatu. Kwanza, mapato ya M-Pesa yakikaa bila kukua kwa miaka miwili mfululizo. Pili, sehemu ya M-Pesa katika nchi ikishuka chini ya nane katika kumi. Tatu, kampuni ikianza kulipa gawio kwa fedha za kukopa badala ya faida. Tukiona moja, tuitishe mkutano. Tukiona mbili, tuuze bila mkutano. Karatasi hiyo tuitie sahihi na tuifungie ndani ya kasha, ili mweka hazina atakayekuja asiamue kwa hofu yake wala kwa haya yake.

Ninyi vijana, najua kwamba wengi wenu hamna hisa. Wengine hata kitambulisho bado. Lakini kila mmoja wenu ana duka karibu na kwao. Wakati wa likizo simameni hapo kwa saa moja mhesabu: ni wangapi waliolipa kwa M-Pesa, wangapi kwa Airtel, wangapi kwa noti. Muhula ujao leteni hesabu zenu kwa mwalimu wenu wa Biashara. Naye akiniletea nitazisoma mbele ya kamati, pamoja na daftari za mama watoto. Nawaahidi zitakuwa na uzito kuliko maoni yangu.

Walioleta hoja, nawashukuru. Bila hofu yenu nisingefungua daftari. Kama mtaona shauri langu halitoshi, pigeni kura dhidi yake bila kuona haya; fedha hizi si zangu. Lakini yeyote atakayesimama mchana huu kusema tuuze zote, nitamwuliza lile swali la marehemu, na nitamngoja ajibu.

Bwana Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha, na harufu ya pilau imeshinda hotuba.